Mwajuma si Jina la Utani

Naitwa Mwajuma. Kama umesoma sentensi hiyo na mdomo ukataka kucheka, usijali, hauko peke yako. Kila muhula ukianza na mhadhiri mpya akaanza kuita majina, akifika kwangu kuna sauti ya viti vya nyuma inamalizia "Ndala Ndefu", na darasa zima linaangua kicheko. Utani huo mnaujua. Mwajuma Ndala Ndefu ni yule dada wa uswahilini wa kufikirika: anagombana bombani, khanga moja kifuani, ndala imelika kisigino, Kiingereza hana, habari za mjini hana. Ukitaka kumshusha msichana haraka kwenye kundi la WhatsApp, humtukani. Unamwita Mwajuma, basi.

Mimi utani haunikoseshi usingizi. Kilichonifanya nishike kalamu ni kingine. Kwenye semina moja ya kujiandaa na ajira, mtoa mada alipitia wasifu wetu wa kazi mmoja mmoja. Alipofika kwangu akanishauri, tena kwa nia njema kabisa, niandike "M. J." halafu jina la ukoo, kwa sababu eti jina la kwanza linanirudisha kijijini kabla sijaitwa kwenye usaili. Wenzangu wawili wenye majina ya jamii hiyohiyo, yale ya Mwana-fulani, wakaunakili ushauri ule kwenye madaftari yao. Hapo ndipo nikaona kuna jambo la kuelezana. Mtu akiamua kuficha jina lake, ni haki yake. Lakini angalau ajue anaficha nini.

Basi tulifungue jina lenyewe. Lina vipande viwili, Mwana na Juma. Tuanze na cha nyuma.

Juma: siku ya kukusanyika

Mimi ni mtu wa Mapinga, barabara ya Bagamoyo, ukishaipita Bunju na kabla hujafika Kerege. Kwetu ukisimama sokoni ukaita "Mwajuma!", wanageuka watatu, na wa nne anaitikia kutoka ndani ya duka. Ndiyo maana kila mmoja ana nyongeza yake: Mwajuma mweupe, Mwajuma wa njia panda, Mwajuma mama fulani. Ukiwauliza watu wa pale jina lina maana gani, jibu la kwanza ni moja: aliyezaliwa Ijumaa. Jibu hilo ni sahihi, ila ni mlango tu.

Ijumaa ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu. Maneno mengi ya Kiarabu hujengwa juu ya mzizi wa herufi tatu, na la Ijumaa lina jim, mim na ain. Maana ya mzizi huo ni kukusanya, kuleta pamoja. Siku ikaitwa hivyo kwa sababu ndiyo siku ya watu kukusanyika kwa swala ya adhuhuri msikitini, na katika Kurani ipo sura nzima yenye jina hilo, ya 62.

Sasa angalia mzizi huohuo umezaa nini katika Kiswahili chetu. Jamii. Jamaa. Jumuiya. Kujumuika. Kujumuisha. Yaani Jumuiya ya Afrika Mashariki na jumuiya ya wanafunzi inayotoa gazeti hili zote zimechota kisima kimoja na Mwajuma. Na Ujamaa je? Neno ambalo Mwalimu Nyerere alilifanya msingi wa siasa ya nchi, na ambalo Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliipeleka nchi nzima kulifuata, limejengwa juu ya jamaa, na jamaa ni ndugu wa damu na Juma. Hebu ongeza hili: kwa Kiarabu cha leo chuo kikuu huitwa *jamia*, mahali panapokusanya watu na elimu, kutoka mzizi uleule. Kwa hiyo anayecheka jina Mwajuma akiwa amekaa kwenye ukumbi wa mihadhara, amekaa ndani ya binamu wa jina hilo.

Tahadhari kidogo hapa, maana mtu akishanogewa na mchezo huu huanza kuokota kila neno linalofanana. Jumla haimo, mzizi wake unaishia na lam. Jamhuri nayo haimo, ina herufi nne na ukoo wake mwingine. Kufanana kwa sauti si undugu.

Juma lina kazi nyingine pia: ndilo jina la siku saba zote kwa pamoja. Tunasema juma lijalo, juma lililopita. Hesabu ya siku zetu inaanza pale Ijumaa inapoisha. Jumamosi ni juma la kwanza, mosi. Jumapili la pili. Ya tatu, ya nne, ya tano. Wageni wanaojifunza Kiswahili hupata tabu hapa, wanashangaa kwa nini siku yao ya kwanza ya kazi sisi tunaiita ya tatu. Jibu ni kwamba kalenda yetu haikuanza kwenye ofisi. Ilianza kwenye Ijumaa, na siku nyingine zikahesabiwa kutoka kwake.

Halafu inakuja Alhamisi na kuvuruga mpango. Baada ya Jumatano ungetegemea "Jumasita", lakini hatuna. Tuna Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu ni siku ya tano, kwa kuwa Waarabu wanaanza kuhesabu Jumapili. Matokeo yake juma la Kiswahili lina tano mbili zinazofuatana: tano ya Kibantu ndani ya Jumatano, na tano ya Kiarabu ndani ya Alhamisi. Mtu anayeitwa Mwanahamisi amebeba hesabu ya Kiarabu. Majirani wawili, Mwajuma na Mwanahamisi, wana historia ya pwani nzima kwenye vitambulisho vyao, na hakuna aliyewaambia.

Kwa nini kadi yangu inasema Alhamisi

Kuna mwenzangu mmoja wa chumbani alichukua tarehe yangu ya kuzaliwa, akaiweka kwenye kalenda ya simu, akaniambia kwa furaha kubwa, "Wewe jina lako limekosewa, wewe ulizaliwa Alhamisi!" Kadi ya kliniki nayo inakubaliana na simu: Alhamisi, saa tatu usiku.

Jina halijakosewa. Katika hesabu ya Kiislamu, ambayo watu wa pwani waliishi nayo kwa karne nyingi, siku haianzi saa sita usiku. Inaanza jua linapozama. Magharibi ikiingia siku ya Alhamisi, Ijumaa imeshaanza. Usiku unatangulia, mchana unafuata. Ndiyo maana wazee wanaposema "usiku wa Ijumaa" wanakusudia ule wa kuamkia Ijumaa, wakati kijana wa leo akisikia hivyo anafikiria usiku wa kwenda muziki. Masikilizano ya miadi yameharibika sana kwa sababu hiyo. Hata saa zetu zinafuata jua: saa moja ya usiku ni saa ya kwanza baada ya giza kuingia. Mkunga alinipokea saa tatu ndani ya Ijumaa. Karani wa hospitali, kwa kalenda yake, akaandika Alhamisi. Wote wawili waliandika ukweli.

Vilevile si kila Mwajuma alizaliwa Ijumaa. Kwetu jina hurithiwa. Msichana hupewa jina la bibi yake au la shangazi, na hapo wanakuwa somo, wanaitana "somo" maisha yote. Ukikutana na Mwajuma aliyezaliwa Jumanne, usimbishie. Ijumaa yake iko nyuma, kwa bibi wa bibi.

Mwana: mtoto au bibi?

Sasa kipande cha mbele, ambacho ndicho kinachotafsiriwa vibaya kuliko vyote.

Wengi wetu tukisikia mwana tunaelewa mtoto. Mwana wa Juma, mtoto wa Ijumaa. Si kosa, maana mwana ni mtoto, na neno hilo la Kibantu lipo hivyo au karibu na hivyo katika lugha nyingi za bara hili. Lakini pwani mwana lilikuwa na kazi ya pili: lilikuwa heshima ya mwanamke, kama tunavyosema leo Bi au Bibi. Mwana alikuwa mwanamke wa nyumba, mwenye neno lake.

Ushahidi upo, na unaanza na mshairi ambaye wengi tulimsoma au kumsikia sekondari. Mwana Kupona binti Mshamu, wa Pate na Lamu, alitunga utendi wake maarufu mnamo mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Mwangalie jina. Kama mwana hapo lingekuwa mtoto, angekuwa mtoto wa Kupona. Lakini palepale tunaambiwa ni binti Mshamu. Mtu hawezi kuwa mtoto wa Kupona na binti wa Mshamu kwa pumzi moja. Kupona ni jina lake mwenyewe, Mwana ni cheo cha heshima mbele yake. Na huyo binti aliyetungiwa utendi aliitwa Mwana Hashima. Rudi nyuma zaidi, karne ya 17, Unguja ilikuwa na malkia anayekumbukwa kwa jina la Mwana Mwema. Hapo hakuna mzazi anayeitwa Mwema.

Pita sasa kwenye majina ya leo. Mwanaisha si mtoto wa Aisha, ni Bi Aisha. Mwasiti ni kichekesho kizuri zaidi: siti lenyewe ni neno la Kiarabu la kumheshimu mwanamke, bibi mkubwa. Kwa hiyo Mwasiti ni Bibi Bibi, heshima juu ya heshima.

Ushahidi wa mwisho uko upande wa wanaume. Pale ambapo mwanamke alipewa Mwana, mwanamume alipewa Mwinyi, neno linalotokana na mwenye: mwenye mali, mwenye mji, mwenye amri. Watawala wa kale wa Unguja, waliokuwa na jumba lao Dunga, waliitwa Mwinyi Mkuu. Hapa Bagamoyo yupo Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na ambaye maandishi yake juu ya mila za watu wa pwani, kuanzia mtoto anavyozaliwa na kulelewa, ndiyo kiini cha kitabu *Desturi za Wasuaheli* kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Baba yake alikuwa Mwinyi Bakari: Bwana Bakari, tuseme.

Weka basi Mwinyi mbele ya Juma. Unapata Mwinyijuma, na ukitamka haraka unapata Mwinjuma. Jina hilo mnalijua vizuri: Dar es Salaam kuna Barabara ya Mwinjuma, na Hamis Mwinjuma ndiye MwanaFA, msanii aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Muheza mwaka 2020. Jina lake lina Alhamisi na Ijumaa kwa mpigo, na juu yake akajiongezea Mwana wa falsafa. Mwinyijuma ikakatwa ikawa Mwinjuma. Mwanajuma ikakatwa ikawa Mwajuma. Upande wa Mombasa na Lamu hadi leo wengi wanalitamka zima, Mwanajuma. Hayo ni majina pacha, la kiume na la kike, na yamepita njia moja. Lakini sijawahi kusikia mtu akicheka barabara ile.

Ona pia lugha ilivyofanya kazi. Lugha nyingine zikitaka jina la kike hubadilisha mkia wa neno. Waarabu wana Jamil na Jamila. Walatvia, huko kwenye Bahari ya Baltiki, majina yao ya kiume kwa kawaida huishia na s, ya kike na a au e. Kiswahili hakina mkia wa kike. Kazi zake kinazifanya mbele ya neno: mtu, watu, kitu, vitu. Kwa hiyo kilipopokea Juma kutoka kwa Waarabu na kikataka kumpa msichana, hakikugusa nyuma. Kiliweka heshima mbele. Mwajuma ni neno la Kiarabu lililovishwa nguo ya Kibantu, na fundi ni watu wa pwani wenyewe.

Nani aliruhusiwa kuitwa Mwana

Hapa ndipo mambo yanapokuwa mazito. Mwana na Mwinyi hazikuwa heshima za kila mtu. Zilikuwa za waungwana. Na mji wa Bagamoyo, kilometa chache kutoka kwetu, ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka bara na pembe za ndovu na watu waliotekwa. Mtu aliyefika pwani akiwa mtumwa alikuwa amepoteza jina alilopewa na mama yake, na alibandikwa lingine na aliyemnunua. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipoanzisha kituo Bagamoyo mwaka 1868 na kuwakusanya watoto waliokombolewa, nao waliwabatiza kwa majina mapya ya Kikristo. Jina lilikuwa tangazo la nani ana mamlaka juu yako.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Siti binti Saad, mama wa taarabu. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Si jina la utani, ndilo jina. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Mtumwa akaenda mjini, akajifunza kuimba, na akajulikana kwa jina la Siti, bibi mkubwa. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi, na sahani zake za santuri zikasambaa Afrika Mashariki yote. Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Fikiria umbali uliopo kati ya majina yale mawili, Mtumwa na Siti, ndani ya maisha ya mtu mmoja. Hakuficha jina ili apate kazi. Alichukua cheo ambacho walikuwa wamekiwekea uzio.

Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo njia ambayo majina ya Mwana yalipita pia. Kwanza yalikuwa ya wachache wa majumba ya mawe. Uzio ulipovunjika, kila mama alikuwa na uwezo wa kumwita binti yake Bibi Ijumaa bila kumwomba mtu ruhusa, awe Mzaramo, Mkwere, Mdoe au mjukuu wa aliyeletwa na msafara. Yakaenea vijijini, yakawa majina ya wauza samaki, wakulima wa muhogo na mama lishe. Na kitu kinapokuwa cha wengi, wale waliozoea kukihodhi hukiona kimechakaa. Jina halikushuka. Lilifika kwa watu wa chini, na utani ukalifuata huko huko.

Kaole, kwenye magofu ya misikiti na makaburi ya karne nyingi, wageni huonyeshwa kaburi linaloitwa la Sharifa. Sharifa nalo ni cheo kilichogeuka jina, maana yake mwanamke wa ukoo mtukufu. Leo kuna akina Sharifa wengi tu Mapinga na hakuna anayewacheka. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba tatizo la Mwajuma ni ukale. Ukale wa Sharifa tunauendea na kamera. Tatizo ni kwamba tunapomsikia Mwajuma, tunamwona mama wa aina fulani, wa mtaa fulani, na huyo ndiye tunayemcheka. Ndala ndiyo inayochekwa, na ndala ni umaskini.

Ijumaa za wenzetu

Kuna anayesema basi majina ya siku ni ushamba popote. Tuangalie. Wahausa wa Nigeria wana Jummai, msichana wa Ijumaa, kutoka neno lilelile la Kiarabu. Ukiwakutanisha Jummai na Mwajuma hawahitaji mkalimani kujua ni masomo. Ghana, Waakan wana jina la kila siku, la kike na la kiume: wa Ijumaa ni Afua au Efua kama ni msichana, Kofi kama ni mvulana. Kofi Annan alizaliwa Ijumaa tarehe 8 Aprili 1938, na aliongoza Umoja wa Mataifa kuanzia 1997 hadi 2006 dunia nzima ikimwita kwa siku yake ya kuzaliwa. Ulaya nako wapo. Kwa Kigiriki siku ya Ijumaa ni Paraskevi, maana yake maandalizi, kwa kuwa ilikuwa siku ya kujiandaa na Sabato. Paraskevi ni jina la kike hadi leo, na ni la mtakatifu anayeheshimiwa na Waorthodoksi. Mwanafunzi wa Athens anayeitwa Paraskevi na mimi tumeitwa siku ileile, kila mmoja kwa lugha yake.

Juma lenyewe limevuka mipaka ya dini. Kenya ya magharibi utalikuta kwa Wakristo wengi. Hayati Profesa Calestous Juma, mwanasayansi wa sera aliyefundisha Harvard, alitoka Busia. Kwa hiyo hata ule ushauri kwamba jina hili linamfungia mtu mlango haulingani na orodha ya waliofika nalo mbali. Ila nakubali, na hili lazima tuliseme, waliofika nalo mbali kwa kelele zaidi ni wanaume. Juma amekuwa profesa na Mwinjuma amekuwa mbunge. Mwajuma ndiye aliyeachiwa utani. Ukipima uzito wa jina, la mwanamke lina heshima zaidi kwa sababu limeongezwa cheo. Ukipima linavyotumika, ni kinyume. Tofauti hiyo haitoki kwenye lugha. Inatoka kwetu.

Sasa tufanyeje

Sina mamlaka ya kumkataza mtu utani, na chuo bila utani hakisomeki. Nina mambo matatu tu ya kuwaambia.

La kwanza ni kwa akina Mwana wenzangu: Mwajuma, Mwanaidi, Mwanahamisi, Mwanaisha, Mwanahawa, Mwasiti. Shika tahajia moja na uifuate kwenye kila karatasi. Mmoja ameandikwa Mwajuma kwenye cheti cha kuzaliwa, Mwanajuma kwenye cheti cha kidato cha nne, Mwajumaa kwenye kitambulisho. Kila herufi inayotofautiana ni safari ya kwenda kuapa kwamba wewe ni wewe, na mara nyingi safari hiyo huja wakati mbaya, bumu linasubiriwa au usaili ni kesho. Kuanza sasa kuandika "M. J." kwenye baadhi ya karatasi ni kujiongezea jina la nne la kulieleza. Hiyo ni hasara ya kweli, ukiacha mambo ya heshima.

La pili ni kwa wanaotoa ushauri wa ajira. Kama mwajiri anawachuja watu kwa majina, kosa hilo ni la mwajiri, na ushauri unaofaa ni namna ya kulieleza na kulipinga, si namna ya kumsaidia asituone. Leo ni Mwajuma. Kesho watasema jina la ukoo linaonyesha kabila, keshokutwa la baba linaonyesha dini. Ukianza kukata, hutajua pa kuishia.

La tatu ni kwa wote. Ulizeni majina yenu wakati wa kuwauliza ungalipo. Mapinga inabadilika haraka; viwanja vimeuzwa, nyumba mpya zimefika hadi karibu na ufuo, na kwenye shule za awali majina ninayoyasikia yakiitwa ni mengine kabisa. Hakuna ubaya, kila kizazi kina masikio yake. Lakini anayejua kwa nini shangazi yako anaitwa Mwanaharusi, ni harusi ya nani ilikuwa inafanyika siku hiyo, na kwa nini mdogo wake ni Tatu wakati wako wanne, ana umri mkubwa na hasomi magazeti ya wanachuo. Mpigie simu hii Ijumaa. Na ukimpigia Alhamisi baada ya magharibi, kwa hesabu yake Ijumaa itakuwa imeshaingia.